Wiki Mbili za Bakuli la Bi Mwanamisi

Vijana wa ofisi wameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yangu kabla sijasahau. Nilikubali haraka mno, hata mwenyewe nikajionea haya, maana tangu nistaafu mwaka jana hakuna aliyeniuliza swali lolote isipokuwa mjukuu wangu, naye huuliza chakula kiko wapi. Vyeo sitavitaja. Nilivyopata vilikuwa vichache, na nilivyokosa nimeshavilalamikia vya kutosha jikoni kwenu. Nitaeleza nilivyoingia kazini, aliyenifunza, na kosa moja nililolibeba zaidi ya miaka thelathini na mitano nikiamini kwamba halijui mtu. Lilijulikana mwezi uliopita pale Diani, kwenye maonyesho ya vyombo vya kale vya Kichina, mbele ya rafiki zangu wawili niliowapeleka ili wakanione nilivyo msomi.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mitatu, katika ofisi ya mambo ya kale iliyokuwa na vyumba viwili kule Kwale mjini. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimeambiwa nitashughulika na kaure za Kichina, vile vyombo laini vya thamani, nami kichwani nilishajiona nimeshika mtungi wa mfalme huku napigwa picha. Mzee Chirau, mkuu wa stoo, alivitazama viatu vyangu, akanipa beseni, mswaki wa meno na ndoo mbili za vigae. Vigae ni vipande vya vyombo vilivyovunjika, na hivi vilikuwa vimechimbwa kwenye magofu ya upande wa Msambweni. "Osha," akaniambia. "Ukimaliza hizi kuna ndoo nyingine kumi na nne." Niliosha kwa miezi saba. Viatu nilimpa dada yangu.

Kila ninachojua nimekipata kwa Mzee Chirau. Alinifunza kugonga kigae kwa ukucha: kaure huitika kwa sauti nyembamba, udongo wa kawaida hunyamaza. Alinifunza kukilamba pia, kwa kuwa udongo uliochomwa kidogo huushika ulimi na kaure huteleza. Siku moja mgeni rasmi aliingia akanikuta nimetoa ulimi nje, kigae kimening'inia, na Mzee Chirau akaeleza kwa utulivu kwamba mfanyakazi wake yumo kazini. Kila kigae kilipewa namba. Unapaka kwanza mstari wa rangi ya kucha ile isiyo na rangi, unaandika kwa wino mweusi, kisha unapaka tena juu ili namba isifutike. Kila mwezi nilitumwa Kona ya Musa kununua chupa kumi na mbili za rangi ya kucha, na mwenye duka akawa ananipongeza kwamba najua kumpendezea bwana wangu. Sikuwa nimeolewa, na kucha zangu zilikuwa na udongo hadi kwenye nyama.

Mzee alikuwa na amri mbili. Kila chenye uchafu kioshwe. Kila kilichoingia stoo kiandikwe, kwa sababu fomu itabaki na wewe utakufa. Nilizishika zote mbili kwa bidii ya mtu mpya kazini, na zote mbili zikanitia matatani kwa sababu ya nyumba moja.

Ofisi ilikuwa inaorodhesha vyombo vya kale vilivyobaki majumbani. Nikaambiwa kuna mama mmoja nje kidogo ya Msambweni, Bi Mwanamisi, mwenye bakuli la Kichina alilorithi kwa nyanya yake. Nikampelekea salamu na siku nitakayofika. Saa nne ya asubuhi nikapiga hodi, nimebeba kamera, rula, daftari, na bila shaka mswaki wangu na kipande cha sabuni. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Bi Mwanamisi alitoka mbio, kanga kaifunga kiunoni, akaitikia shikamoo yangu huku macho yake yako chumbani. "Bakuli ulilolitaka lile pale juu ya meza, mwanangu. Litazame, ninakuja sasa hivi."

Kutoka chumbani nilisikia mtu anaugua. Mtu mwenye akili angeuliza kuna nini. Mimi nililitazama bakuli. Lilikuwa jeupe, na ndani kulichorwa ua la buluu lenye majani marefu, na ukingoni palikuwa na pengo dogo la ukubwa wa punje ya mahindi. Lakini uzuri wake haukuonekana sawasawa, kwa sababu ndani yote, kuanzia ukingoni hadi chini, palikuwa na mistari ya rangi ya manjano iliyozunguka na kukauka. Nikaandika daftarini: "Mabaki ya mchuzi wa bizari." Kisha nikateka maji mtungini, nikatoa sabuni, nikafanya kazi ambayo nilikuwa naijua kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima. Nilisugua mpaka likang'aa. Maji nikayamwaga dirishani, kwenye tuta la mchicha.

Wa pwani mmeshaelewa. Wenzetu wa bara niwaeleze. Lilikuwa kombe. Mwalimu wa chuo, yaani madrasa, alikuja baada ya sala ya alfajiri akaandika aya za Kurani ndani ya bakuli kwa zafarani, zikaachwa zikauke, ili uchungu ukizidi zioshwe kwa marashi na mzazi anywe yale maji, Mungu amfungulie. Mzazi alikuwa Mejumaa, binti wa Bi Mwanamisi, mwenye umri kama wangu, na huo ulikuwa uzazi wake wa kwanza.

Bi Mwanamisi alirudi ameshika chupa ya marashi. Akalitazama bakuli. Akanitazama mimi.

"Kombe liko wapi?"

"Nimeliosha, Bi. Kwa sabuni. Limetakata."

Alichungulia dirishani, akauona mchicha uliolowa. "Basi," akasema, "mchicha wangu utazaa salama." Akamtuma mtu mbio amrudishe mwalimu. Mimi nilikuwa nimesimama na mswaki mkononi, natamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na daftari. Lakini kabla mwalimu hajamaliza kusaga zafarani yake, mtoto alilia chumbani. Wa kiume, na mama yake mzima. Wanawake wakapiga vigelegele, na mmoja wao akasema kwamba huyu amezaliwa kwa nguvu za sabuni ya kipande. Mejumaa aliposikia kisa akacheka hadi akakatazwa, na tangu siku hiyo akawa ananiita mkunga wake. Urafiki wetu ulianza hapo, na hadi leo sina rafiki wa kumzidi.

Picha nilizopiga siku ile zilitoka nyeusi, maana kifuniko cha lenzi sikukitoa. Ikabidi nirudi baada ya wiki, nikiwa nimeinamisha kichwa, nimwombe Bi Mwanamisi aniazime bakuli likapigwe picha na kuchorwa ofisini. Alisita. Bakuli lile lilikuwa la mtaa mzima. Aliyeshikwa na uchungu, mwenye homa, mtoto anayeshtuka usingizini, wote waliandikiwa humo. Mwishowe akalifunga ndani ya kanga akanipa mikononi. "Wiki mbili," akasema. "Halafu lirudi, mwanangu. Wanawake wa hapa hawaachi kuzaa."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo panapowahusu. Fomu yetu ya kupokea vitu ilikuwa na visanduku vitatu: kimechimbwa, kimenunuliwa, ni zawadi. Kisanduku cha kuazima hakikuwepo. Mzee Chirau alikuwa likizoni, na mkuu wa ofisi alikuwa bado ananisimanga kwa habari ya sabuni, iliyokuwa imemfikia kabla yangu. Sikutaka kuonekana mjinga mara ya pili ndani ya mwezi mmoja. Nikaweka alama kwenye zawadi, kwa penseli, nikijiambia nitaifuta likirudi. Mkuu akairudisha fomu akisema ofisi haitumii penseli. Nikaweka kwa wino. Siku kumi baadaye lori likaja, vitu vyote vizuri vya stoo yetu vikahamishiwa stoo kubwa ya makao makuu, na bakuli likaenda navyo. Kulidai maana yake ilikuwa ni kusema kwamba nilidanganya kwa wino. Nikaamua nitasema mwezi ujao.

Mwezi ujao wangu ulikuwa mrefu. Kila nilipokwenda kumtembelea Mejumaa, mamake aliniuliza, kwa upole kabisa, kama anayeulizia mtoto aliyepelekwa kusoma mbali: "Bakuli halijambo?" Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Halijambo, Bi, linakusalimu." Miaka minane tuliulizana hivyo. Kisha Bi Mwanamisi akafariki, Mungu amrehemu, na Mejumaa hakuniuliza hata mara moja. Nikahesabu kwamba wamesahau. Nilishukuru hata nikatoa sadaka.

Miaka mingine nayo ikapita. Nilitoka kwenye kuosha nikaingia kwenye kuandika, kisha kufundisha, na nyinyi wengi mmepita mikononi mwangu. Mnakumbuka nilivyokuwa nikiwatisha kwa maneno ya Mzee Chirau, nikiyaongezea ya kwangu: fomu ikishasema, usibishane nayo. Mlidhani ni busara.

Haya, maonyesho. Zuhura, niliyemfundisha mwenyewe na ambaye sasa ndiye msimamizi wa maonyesho hayo, aliniletea kadi tatu za mwaliko. Nikamwita Mejumaa. Nikamwita na Kamene, jirani yangu wa Ukunda, Mkamba aliyefanya kazi ya vyumba katika hoteli za Diani hadi magoti yakagoma. Nilivaa buibui jipya na kuning'iniza shingoni miwani yangu ya kukuzia maandishi madogo, ambayo haikuwa na kazi yoyote huko kwa kuwa kila kitu kilikuwa nyuma ya kioo. Lakini nilitaka ionekane.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine na taa ndogondogo juu ya kila kabati. Kulikuwa na mitungi mirefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza, sahani zenye samaki, farasi wa udongo, vikombe vyembamba hata mwanga unapita. Nilianza kuhutubia tangu mlangoni. Nikawaeleza tanuri za Wachina, safari za vyombo vya baharini, jinsi wazee wetu walivyopachika mabakuli haya kwenye makaburi na misikiti. Watu wawili nisiowajua wakajiunga kusikiliza, nami nikaongeza sauti.

Kamene alikuwa na maswali yake. "Hii kioo imeoshwa na nani? Ameacha vidole hapa, na hapa." Akainama zaidi. "Na hii kikombe imetoka China na mashua haijavunjika? Ai! Sisi hoteli tulikuwa tunavunja kumi kwa wiki, na ni kutoka jikoni tu mpaka kwa meza."

Kwenye kabati la nne kulikuwa na chombo cha kijani kibichi, shingo nyembamba na mdomo mpana kama sahani. Nikawaambia wasikilizaji wangu kwamba hicho kilikuwa chombo cha maua cha mabibi wa kifalme, na kwamba kwa maoni yangu ndicho kizuri kuliko vyote. Mejumaa alivaa miwani akasoma kibandiko. "Shoga, hapa wameandika ni cha kutemea mate." Wale wasikilizaji wawili wakaondoka pole pole. Kamene alicheka mpaka akashika kabati, akaacha vidole vyake juu ya vile vingine.

Nilidhani hiyo ndiyo aibu yangu ya siku.

Kabati la mwisho lilikuwa la vitu vya kwetu, vyombo vya Kichina vilivyopatikana pwani ya kusini. Nilivikimbilia vigae vyangu, na nikaona namba nilizoandika mwenyewe zikingali zinasomeka chini ya rangi ya kucha. Niligeuka nimwonyeshe Mejumaa. Hakuwa anatazama vigae. Katikati ya kabati, juu ya kitambaa cheusi, kulikuwa na bakuli jeupe lenye ua la buluu, na ukingoni lina pengo la ukubwa wa punje ya mahindi. Kibandiko kilisema: "Bakuli la kaure. Zawadi ya familia moja ya Kwale."

Mejumaa alikisoma mara mbili. Akavua miwani, akaipangusa kwa mtandio, akasoma tena.

"Saumu," akasema, na si kawaida yake kuniita jina, "bakuli la mama linafanya nini humu?"

Kamene alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasema anakwenda kutafuta choo, Mungu ambariki.

"Tulilitoa zawadi lini?" akauliza Mejumaa.

Basi nikamwambia. Pale pale nimesimama, nikamwambia habari ya fomu, visanduku vitatu, penseli, wino, na lori. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kichwani kwa miaka thelathini na kitu, lakini yalitoka yote yamechanganyika, kwanza lori kisha penseli. Nilitaraji apige kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Yeye akaegemea ukuta akashusha pumzi.

"Kumbe liko huku," akasema. "Mimi nilijua liko kwako."

"Kwangu?"

"Kabatini mwako, pale sebuleni. Mama alituambia: bakuli liko kwa Saumu, kalipenda, kaingiwa na tamaa, basi. Akatuusia tusikuulize, maana ukiulizwa utaaibika, na ukiaibika hutakuja tena. Akasema yeye mwenyewe atakuuliza tu kama halijambo, ukitaka kulitoa ulitoe."

"Mlidhani nimeiba?"

"Hatukudhani, shoga. Tulijua." Akanitazama kwa huruma. "Miaka yote hii sijalitazama kabati lako hata siku moja. Nikija kwako nakaa nimelipa mgongo. Nilikuwa naogopa nisije nikaliona, kisha na wewe uone kwamba nimeliona."

Ni kweli. Kila akija hukaa kiti kile kile, amegeukia mlango. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba Mejumaa anapenda upepo.

Kwanza nilitaka kukasirika. Kusingiziwa wizi na rafiki yako, tena na marehemu! Kisha nikakumbuka kwamba bakuli sikulirudisha, na kwamba mtu aliyenyang'anywa kitu hana haja ya kujua kama mnyang'anyi ni mwizi au mwoga. Halafu nikaona lile lililonivunja kabisa. Mimi nilikuwa nimewaficha jambo ili niheshimiwe. Wao walikuwa wamenificha kwamba wanalijua, wakanilisha, wakanialika harusini, wakanipa mtoto wao nimfanyie akika, ile sadaka ya kumchinjia mtoto mchanga. Walinisitiri tangu ujana wangu, nami nikawa najisifu kwamba nina siri. Nililia mbele ya kabati, na mlinzi akaja kuniambia nisiegemee kioo.

Zuhura aliitwa. Nikamwambia kibandiko kibadilishwe, si zawadi.

"Lakini mwalimu," akasema, "nimenakili kutoka kwenye fomu. Fomu ni yako. Mwandiko wako huo, mzuri kabisa."

"Fomu inasema uongo."

"Si wewe uliyetufundisha kwamba fomu ikishasema..."

"Ninajua nilichofundisha, Zuhura."

Mejumaa alimuuliza moja kwa moja: bakuli linaweza kurudi nyumbani? Kitinda mimba wake ana mimba ya miezi sita. Atazalia hospitali, hilo halina mjadala, lakini kombe atakunywa, na Mejumaa anataka aandikiwe ndani ya bakuli la nyanya yake. Na likirudi au lisirudi, jina la mama liandikwe hapo, si "familia moja". Zuhura alisema ukweli, na ninamshukuru: hana uwezo wa kulitoa yeye, kuna kamati, na kamati hutazama karatasi. Karatasi iliyopo inasema zawadi. Ili waanze hata kulizungumza, aliyelipokea lazima aandike kwa mkono wake kilichotokea, na mtu wa familia ashuhudie.

Kwa hiyo, vijana, mkijaza fomu na mkaona haina nafasi ya kitu mlicho nacho mkononi, pigeni mstari mpya kwa rula, muandike ukweli, mkemewe. Kukemewa huisha siku ile ile. Mimi niliukwepa mkemeo mmoja nikaula kwa miaka yote hii.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Mejumaa na karatasi yangu. Kamati inakutana mwezi ujao, na tukiukosa mkutano huo binti hawezi kungoja mwingine. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima kwa mwandiko wangu mzuri. Mejumaa aliketi mezani, akavaa miwani, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, bila haraka. Alipofika katikati akasimamisha kidole.

"Hapa umeandika, 'nikasahau kulirudisha'."

"Ndiyo."

"Mama alikuuliza mara ngapi?"

"Kila aliponiona."

"Basi hukusahau."

Alinisukumia karatasi na kalamu. Nikalikata neno, nikaandika juu yake: "niliona haya." Akalisoma, akaitwaa kalamu, akatia sahihi.